Mwaka wa Kumbishia Bibi

Siku ya pili ya Idi Zubeda alinipigia simu. Hakunitakia heri wala hakuuliza nimeamkaje. Alisema, "Naomi, njoo nyumbani, una kazi," akakata. Nimemjua tangu tukiwa wasichana na hajabadilika: akishajua kwamba utakuja, haoni sababu ya kukubembeleza. Nikajitupia mtandio, nikatoka. Tangu nirudi Singida baada ya miaka yangu ya Uingereza nimejenga Mandewa hiyohiyo tulikokuwa tukipanga zamani, kwa hiyo kwenda kwa Zubeda ni kukata mitaa michache tu. Nilimkuta jikoni anapasha pilau ya jana. Sebuleni alikuwepo binti yake, Salma, ameuelekea ukuta, nyaya za simu masikioni, anaongea Kijerumani na simu yake. Aliongea kwa kasi, bila kujikwaa, mkono mmoja ukipiga hewa. Aliponiona alichomoa nyaya, akasimama. "Shikamoo, mama mkubwa," akasema, na sauti ilikuwa imeshuka ikawa ya mtoto wa darasa la kwanza.

Zubeda alinieleza habari yote akiwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi. Salma ni muuguzi, kazi niliyoifanya mimi. Kuna hospitali Ujerumani imekubali kumchukua, lakini kibali cha kazi hakitoki mpaka athibitishe kwa mtihani kwamba lugha yao anaijua. Ameufanya huo mtihani Dar. Kusoma amepita, kusikiliza amepita, kuandika amepita. "Sasa ameanguka wapi?" nikauliza, ingawa moyo ulikwisha kuniambia. "Kuzungumza," Zubeda akasema. Tukatazamana. Halafu tukaanza kucheka, wanawake wazima wawili, mimi nimeshika kiti nisianguke, yeye mwiko unamwaga wali sakafuni, na Salma anatutazama kwa uchungu wa mtu ambaye msiba wake umegeuzwa kichekesho. "Mama, mnacheka nini sasa?" akauliza. Ilibidi tukae kwanza, tule pilau, ndipo tumsimulie.

Mwaka wa mtihani wangu mimi nilikuwa na miaka ishirini na kitu. Nilikuwa muuguzi wodi ya wanawake, na nilipanga chumba kimoja na Zubeda, aliyekuwa akifundisha Kiingereza shule ya sekondari. Mwenye nyumba wetu tulimwita Mama Jumanne. Nyumba yake ilikuwa ya matofali ya kuchoma, bati juu, haina dari, na kuta za vyumba ziliishia njiani kabla ya kufika kwenye bati. Kila lililosemwa chumba kimoja lilipanda juu, likageuka, likashukia chumba cha pili. Sisi tulijua Mama Jumanne atapika nini kabla hajawasha jiko, kwa sababu alikuwa akijiuliza kwa sauti. Naye alijua ni mwalimu yupi shuleni anayemsumbua Zubeda, na alikuwa na maoni juu yake. Chumbani kwetu mlikuwa na kitanda kimoja kipana, meza ya mbao iliyokuwa ikichechemea, msala wa Zubeda umeviringishwa pembeni ya kitabu changu cha nyimbo, na redio kaseti. Kwenye hiyo redio Mwingereza mmoja na mke wake walikuwa wakiulizana njia ya kwenda stesheni. Zubeda alikuwa akibonyeza kitufe ghafla na kunitolea macho: "Treni inaondokea jukwaa la ngapi?" Mara nyingi sikuwa nimesikia, kwa sababu upepo wa Singida ulikuwa umelishika bati na kulipigisha kelele. "Mtihanini hakutakuwa na upepo," Zubeda alisema, lakini akarudisha kaseti.

Kwa msaada wa daktari mmoja mgeni aliyewahi kufanya kazi wodini kwetu, nilikuwa nimepata nafasi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, kaskazini mwa Uingereza. Waliniambia watanishikia nafasi hiyo mpaka mwisho wa mwaka. Nikileta uthibitisho kwamba Kiingereza ninakijua, wataniombea kibali. Nisipouleta, watamchukua mwingine. Nilitaka kwenda kuliko nilivyotaka kitu kingine chochote. Hakuna aliyekuwa akinitesa nyumbani, na wala sikuwa nikikimbia njaa. Ila kila niliyemfahamu aliweza kunieleza maisha yangu yatakavyokuwa mpaka uzeeni, na nilichoka kusimuliwa. Nilitaka niwe na jambo moja la kwangu, ambalo Mama Jumanne asingelijua kupitia juu ya ukuta.

Kosa la kwanza lilikuwa kuniaga mapema. Kwaya yetu ya kanisani ilisikia kwamba Naomi amepata kazi Ulaya. Habari za mtihani hazikusikika, au zilisikika zikaonekana ni kitu kidogo. Jumapili moja baada ya ibada nikakuta meza zimepangwa, kuku wa kienyeji wamekaangwa kwa mafuta ya alizeti, ugali umepikwa wa watu wengi, na mimi nimeandaliwa kiti chenye kitambaa cheupe. Nilivishwa vitenge mpaka nikashindwa kushusha mikono. Mama mmoja alikuwa ametoka Ihanja na chupa ya asali ya nyuki wadogo. "Ukawaonjeshe huko," aliniambia, "wajue umetoka kwa watu." Nilijaribu kusema. Nilisimama kabisa, nikasema, "Jamani, bado kuna mtihani." Mwenyekiti wa kwaya akanipungia mkono: "Ah, mtihani! Wewe si umesoma?" Vigelegele vikaanza upya, na mchungaji akaiombea ndege. Nikakaa chini. Ukweli ni kwamba nilifurahi mno hata nisiweze kubishana.

Basi nikaenda Dar kufanya mtihani. Kusikiliza, kusoma na kuandika nilivifanya bila taabu, na kweli kama alivyosema Zubeda, hakukuwa na upepo. Kisha nikaitwa kwenye chumba kidogo chenye zulia la bluu na feni inayolia. Mtahini alikuwa mzee. Simaanishi mtu mzima. Namaanisha mzee hasa, nywele nyeupe pe, ngozi ya shingo imelegea, mikono ina mabaka. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa hilo. Nilipomwona, mafunzo yote ya Zubeda yaliondoka, yakabaki yale niliyokuja nayo duniani. Nikainama kidogo kumsalimia, nikasubiri aniruhusu kukaa, nikakaa ukingoni mwa kiti, mikono mapajani, macho kwenye zulia. Akaniuliza kuhusu kazi yangu. Nikamjibu kwamba mimi ni muuguzi, nikanyamaza kumsubiri. Akasema, nieleze zaidi. Nikasema ni kazi nzuri. Akaniomba nimweleze mtu ninayemheshimu. Nikamtaja mkuu wa wodi yetu, nikasema ni mama mwema, nikanyamaza tena. Mzee alikuwa mpole. Alikunjua viganja vyake juu ya meza, akatabasamu, akasubiri, na mimi kwa adabu nikasubiri pamoja naye. Mwishoni akauliza swali lililonigusa: je, wazee ni vizuri waishi kwenye nyumba za kutunzwa au wakae na watoto wao? Nilikuwa na maoni, tena mengi. Lakini ningewezaje kumfundisha mzee mambo ya uzee, uso kwa uso, ndani ya ofisi yake? Nikainamisha kichwa nikasema, "Wewe mzee ndiye unayejua zaidi." Akacheka kidogo, akazima mashine ya kurekodi.

Nilirudi Singida natamba. "Alinipenda sana yule mzee," nilimwambia Zubeda hata kabla sijafungua begi. "Ameona nimelelewa." Zubeda alikuwa akimenya vitunguu, akasimamisha kisu. "Mliongea nini?" Nikasema hatukuongea sana, lakini alitabasamu muda wote. Zubeda akaniangalia kwa namna ambayo niliidhania ni wivu, akaendelea na vitunguu. Majibu yalipotoka tulikwenda pamoja kuyasoma kwenye duka la intaneti karibu na stendi. Karatasi tatu zilikuwa juu kuliko walichotaka. Kuzungumza kulikuwa chini, chini kabisa, mahali ambapo huwekwa mtu aliyejifunza salamu na rangi tu. Kabla ya mwaka kuisha ilibaki nafasi moja ya kurudia.

Sasa hapo ndipo nilipojua kuagwa ni nini. Kwetu ukishaagwa umeagwa. Watu hawana utaratibu wa kukupokea wakati hukuondoka. Dada mmoja anayeuza vitunguu sokoni aliniona akashika kifua. "Wee! Kumbe bado upo?" Kwenye kwaya sehemu yangu alikuwa ameshasimama mwingine, sauti nzuri tu, nikapewa nafasi nyuma karibu na ngoma. Kila kona nilijibu swali hilohilo, mpaka nikawa nazunguka nyuma ya msikiti ili nifike kazini bila kupita dukani kwa mtu. Na nyumbani nako bati halikunisitiri. Jioni moja tumelala kitandani, Zubeda na mimi, tukimsikiliza Mama Jumanne na jirani yake wakisaga habari zangu upande wa pili.

"Eti wamemkataa?" jirani akauliza.

"Wanasema hawezi kuongea."

"Nani? Huyu Naomi? Huyu anayetuamsha humu kwa kucheka?"

"Nami nimeshangaa," Mama Jumanne akasema. "Labda Kiingereza cha yule mwalimu wake ndicho chenye matatizo."

Nilisikia kitanda kikiruka. Zubeda alikuwa amekaa wima, kanga imemteremka begani, amekasirika kuliko nilivyowahi kumwona. Kwa kushindwa kwangu alikuwa amenipa pole na chai. Hili la Kiingereza chake lilikuwa jambo jingine. "Amka," aliniambia. "Nieleze chumba hicho neno kwa neno, kuanzia mlangoni." Nikamweleza: zulia, feni, nywele nyeupe, viganja mezani. Nilipofika pale pa "wewe mzee ndiye unayejua zaidi", akaanza kutetemeka. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka mpaka akalalia ukuta. "Naomi," akasema alipopata pumzi, "ulikwenda kupimwa kuongea, ukamheshimu mtu mpaka akakufelisha!"

Dawa yake ya kwanza haikufaa. Alijibandika pamba ya hospitali kichwani, akavaa koti la Baba Jumanne, akakaa nyuma ya ile meza inayochechemea, akaniamuru nimweleze maoni yangu. Hatukuvuka salamu. Pamba ilikuwa ikimwangukia puani na sisi tukianguka sakafuni. Kelele hizo ndizo zilizomfanya mama yake Mama Jumanne aulize kuna nini. Bibi huyu alikuwa ametoka Mtinko kuja kutolewa mtoto wa jicho hospitalini. Jicho moja lilikuwa limeshafanyiwa kazi, la pili lilikuwa likisubiri zamu, na wakati huo aliishi sebuleni kwa binti yake, kwenye kochi lenye vitambaa vya kufuma, amechoka kabisa. Nyumbani kwake alizoea mbuzi, mtama na watu wa kugombana nao. Hapa alipewa uji akaambiwa apumzike. Tulikuwa tukimsalimia asubuhi na jioni, shikamoo Bibi, marahaba, macho chini, tukapita. Hatukuwa tumewahi kumwambia kitu kingine.

Mama Jumanne alimweleza shida yangu kwa Kinyaturu, kwa kirefu, na nusu ya nyumba ikasikiliza. Bibi akaniita. Nikaenda, nikainama mbele yake.

"Ulimwogopa mzee wa Kizungu?" akauliza kwa Kiswahili chake cha kuchagua maneno.

"Sikumwogopa, Bibi. Nilimheshimu."

"Mwalimu wako ni mtoto mwenzako. Kwake unabwabwaja tu." Akajisogeza kwenye kochi. "Wa kukuzoesha mzee ni mzee. Mimi siyo mzee?"

"Lakini mama, Kiingereza hukijui," Mama Jumanne akasema.

"Mimi nimesema nitamfundisha Kiingereza?" Bibi akajibu. Akanigeukia. "Haya. Lete."

Hivyo ndivyo nilivyoanza masomo yangu ya kweli, jioni kwa jioni, baada ya kazi na kabla ya chakula. Bibi alikuwa akijiandaa. Alijifunga kilemba kipya, akaweka fimbo pembeni, na jirani akija kupiga soga anaambiwa arudi baadaye, "nina kazi". Mimi nikaketi kwenye kigoda mbele yake, nikaambiwa niongee Kiingereza moja kwa moja, nimtazame usoni, nisinyamaze mpaka yeye aseme basi. Siku za mwanzo sikuweza. Macho yalikuwa yakiteleza yenyewe mpaka kwenye vidole vyake vya miguu, na Bibi akagonga sakafu kwa fimbo: "Huku juu! Tazama hili linaloona." Lilikuwa jicho moja, jipya, limetoka kuoshwa, nalo lilikuwa likifaidi kutazama watu. Nikaongea na hilo jicho. Nikalieleza wodi yetu, soko la vitunguu, namna ya kupika mlenda usishike sufuria, maji ya ziwa Singidani yanavyonuka chumvi wakati wa kiangazi. Bibi akaitikia "ehee" na "kumbe" mahali palepale panapotakiwa, hata ukaapa anaelewa. Zubeda alikaa nyuma yangu akifuatilia maneno, na kila nikikosea alikohoa.

Kazi kubwa ilikuwa kubisha. Zubeda alisema watahini wanataka utetee unachoamini, na kwa hilo sikuwa na mazoezi yoyote. Mzee akisema jua limechomoza magharibi, mimi nilifundishwa kuuliza kama kule kuna joto. Bibi alipoelezwa alifurahi sana. Kuanzia siku hiyo nikawa nikimaliza kueleza jambo, yeye anatikisa kichwa. "Nimekataa," anasema.

"Umekataa nini, Bibi?"

"Hicho ulichosema."

"Lakini hujui nimesema nini!"

"Ndiyo, lakini nimekataa. Nibishie."

Nami nikalazimika kuanza upya, kwa Kiingereza, kutetea mlenda. Alikuwa mkaidi kupita kiasi. Nilivyozidi kupandisha sauti ndivyo alivyozidi kutikisa kilemba, mpaka ikafika jioni moja nikasimama kabisa, nikamnyooshea kidole, nikamwambia kwa Kiingereza kirefu kilichonyooka kwamba hapana, amekosea, na nitampa sababu zangu. Mama Jumanne alitokeza kichwa mlangoni na sufuria mkononi. Mimi mwenyewe nilikitazama kile kidole changu nisiamini. Bibi akakiangalia, akaniangalia, akapiga kofi gotini akacheka kicheko cha msichana. "Sasa ameiva," akamwambia binti yake. Tulikula ugali wa uwele na maziwa ya mgando usiku ule, na Bibi akaniwekea tonge la kwanza yeye mwenyewe.

Kuna alasiri moja sijaisimulia kwa watu wengi. Zubeda alikuwa shuleni, Mama Jumanne ameenda msibani Mtinko, tumebaki wawili. Safari yangu ya pili ya Dar ilikuwa imekaribia. Nilianza na mada ya mtihani, eleza chumba unachokipenda, nikaieleza sebule ile: kochi, vitambaa, kalenda ya mwaka uliopita iliyoachwa kwa sababu ya picha yake nzuri. Sijui nilitokaje hapo. Nikajikuta namwambia Bibi, kwa Kiingereza, kwamba ninaogopa. Kwamba nikifeli tena sitaweza kupita sokoni, na nikifaulu nitakwenda mahali ambapo hakuna atakayenisikia kupitia juu ya ukuta. Kwamba nitawaogesha na kuwalisha wazee wa watu nisiowajua, na yeye atakapokufa nitakuwa mbali, sitamzika. Kwa Kiswahili nisingethubutu kumtajia mzee kifo chake. Kwa Kiingereza nilimtajia, nikimtazama, na machozi yalikuwa yakinitoka nikaendelea kuongea kwa sababu hakuwa amesema basi. Bibi hakuitikia ehee wala hakukataa. Nilipomaliza akasema, "Haya ya leo siyo ya mtihani." Akaingiza mkono kwenye kapu lake, akanitolea kiazi kitamu cha kuchoma kilichopoa. Hakuniuliza nilisema nini, siku hiyo wala nyingine yoyote.

Na mtihani wenyewe? Niliingia chumba kilekile cha zulia la bluu nimekaza uso tayari kwa mzee, nikamkuta msichana. Umri wangu, pengine chini yangu, amevaa jinzi, amefunga nywele kwa kalamu. Nilitaka kucheka kwa sauti. Mazoezi yote yale ya kumkabili mzee, halafu wananiletea Zubeda mwingine! Lakini nilikuwa nimeshazoea kutonyamaza mpaka niambiwe basi. Aliniuliza kuhusu mtu aliyenifundisha kitu, nikamweleza Bibi: kilemba, fimbo, jicho. Aliniuliza kama ni vizuri kuwasikiliza wazee siku zote, nikamwambia nina bibi ambaye alinilazimisha nimbishie, nikampa sababu, na sababu ya sababu. Alipotaka kwenda swali jingine nilikuwa bado sijafika katikati. Mwishowe aliinua mkono, akasema muda umekwisha, na mashine ilipozimwa akaniuliza, si kwa mtihani, yule bibi jicho la pili lilipona?

Lilipona. Alirudi kwake Mtinko anaona kila kitu na kulalamikia nusu yake. Majibu yangu yalitoka, kibali kikafuata, na kwaya ikakataa katakata kuniaga mara ya pili. Mwenyekiti alisema wao walishamaliza. Niliondoka alfajiri nikisindikizwa na Zubeda na Mama Jumanne peke yao, na chupa ya asali ya Ihanja begini, haijafunguliwa. Kule kwenye nyumba ya wazee nilikuta kile nilichokuwa nimefundishwa bila kujua. Wenzangu wengi walikuwa hodari wa kunyanyua, kuosha, kupanga dawa. Mimi nilikuwa nikiketi mbele ya mzee aliyesahauliwa dirishani, nikamtazama usoni, nikaongea naye mpaka achoke, na akisema jambo la ovyo nikambishia. Kulikuwa na bwana mmoja aliyekuwa hajatamka neno muda mrefu. Siku niliyomwambia chai yao ni maji machafu, alikasirika akaongea mpaka chakula cha jioni. Niliwapenda wazee wale, na nilikuwa kati yao Bibi alipofariki. Zubeda alinipigia simu. Alisema walimzika vizuri, watu wengi, na kwamba sikuwepo. Nilishika meza nikalia. Halafu nikakumbuka kwamba nilikuwa nimekwisha kumwambia mwenyewe, naye alinipa kiazi.

Salma alisikiliza yote haya na sahani ya pilau magotini, hajala. Nilimuuliza ilikuwaje kwake. Akasema hakukuwa na mzee. Watahini walikuwa watu wa kawaida, wawili. Ila nyumbani alikuwa amejifunza na simu tu, mwaka mzima, na simu haikutazami. Walipomtazama maneno yakamkimbia. "Nikiongea na ukuta naongea vizuri, mama mkubwa," akasema. "Nimeshawaambia wote kazini kwamba naondoka. Wamesha..."

"Wamekuaga," Zubeda akamalizia.

"Walinipa na keki."

Hatukucheka safari hii. Nilitazama huku na huku, nikahamia kwenye kochi kubwa, nikaweka mto mgongoni. Nina nywele nyeupe za kutosha sasa, na jicho moja limeanza ukungu. Daktari ameniandikia nirudi. Nikamwonyesha Salma kigoda, akakaa mbele yangu, mikono mapajani, macho yakashuka moja kwa moja mpaka kwenye vidole vyangu vya miguu.

"Lakini mama mkubwa," akasema, "Kijerumani hukijui."

"Sijui hata neno," nikamwambia. "Na nimeshakataa. Tazama huku juu, hili linaloona. Haya, mwanangu. Lete."